Sahihi ya Mzazi

Mniwie radhi mapema. Hadithi ya majini yataka msimulizi mwenye sauti ya kaburini, na hii yangu ni ya kunadia tende Makadara. Pa kutisha nitachekesha, na pa kuchekesha huenda nikalia. Mkinichoka, mlango ule pale, tena hauna komeo.

Ilianza kwa neno dogo. Maisara, mshona kofia wa Mji wa Kale, alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, jua li utosini, aliposikia bintiye akiitikia kutoka chumba cha ndani: "Karibu."

Hakuna aliyebisha hodi.

"Wamkaribisha nani, mwanangu?"

"Ameshaingia, mama."

Ummukulthum alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu babake afariki alikuwa halali, hali, analia mpaka kope zinafura. Shule ikampeleka kliniki moja ya watoto, daktari akaandika dawa ya kutuliza akili. Maisara hakuikataa. Aliuliza tu, kama aulizavyo mtu akinunua samaki: ni dawa ya nini, itamfanya nini, na nikisema hapana kuna njia gani nyingine? Muuguzi akamwambia wa kumweleza atakuja Alhamisi.

"Basi asimeze kitu mpaka Alhamisi," akasema Maisara.

Jumanne mtoto alitakiwa kwenda kupimwa uzito, na aliyempeleka ni mjombake, Sheikhan, mchekeshaji wa jukwaani, mtu asiye na subira hata ya kungoja chai ipoe. Muuguzi akamsogezea karatasi.

"Wewe ni mzazi?"

"Mimi ndiye mamake! Ndevu hizi ni za kuzuia baridi!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mtoto akamvuta kanzu. "Mjomba, mama alisema..."

"Leo mama ni mimi." Akaandika palipoandikwa *Sahihi ya Mzazi*, bila kusoma hata kichwa cha karatasi.

Dawa ikaanza siku ile ile, mamake hana habari. Mtoto akalala, akala, akatabasamu. Sheikhan akatamba mtaa mzima kwamba kaponya mtu kwa kalamu. Ila lile tabasamu lilikuwa haliondoki hata mtoto akiwa usingizini.

Kisha ndiyo ikaja ile "karibu". Ikaja kesho yake, na kesho kutwa, adhuhuri kwa adhuhuri, ikifuatwa na mkwaruzo wa kiti kinachoburutwa sakafuni ilhali chumbani hamna kiti, na harufu ya udi uliolowa kama uliofukizwa ndani ya kisima, mpaka Maisara akawa anashona mgongo ukutani, macho mlangoni, akijidunga vidole pasi na kuhisi, akimsikiza mwanawe akizungumza kwa adabu na mtu ambaye pumzi zake zilikuwa ndefu kuliko za mtu.

Alikimbilia kliniki. "Isimamisheni dawa. Mimi sikuridhia."

Muuguzi akafungua faili. "Mzazi ameridhia. Aje mwenyewe aondoe ridhaa."

"Mzazi ni mimi!"

"Jina lako halimo."

Maisara akaisoma ile karatasi kwa mara ya kwanza: *Naridhia mwanangu atulizwe na yeyote, kwa njia yoyote.*

Akamwita Bi Mwanabaraka, mganga wa majini, aje na chetezo chake. Bibi akaketi mbele ya mtoto, akanong'ona: "Wewe uliyempanda mtoto wa watu, idhini kakupa nani?"

Sauti iliyotoka kinywani mwa mtoto ilikuwa ya mtu mzima, yenye heshima tele. "Sisi hatumwingii mtoto bila ridhaa ya mzazi, Bi. Mimi nilibisha hodi. Kwani hamkuandika *yeyote*? Basi yeyote ndiye mimi."

"Mwiteni aliyetia sahihi," akasema Bi Mwanabaraka.

Sheikhan akaja na kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Toka. Naiondoa ridhaa yangu."

"Waiondoa kama nani?"

"Kama mjombake."

"Mjomba hakunipa kitu. Aliyenipa ni mzazi."

"Basi... basi mimi ni mzazi!"

"Mzazi aliridhia. Sahihi ni sahihi."

Maisara akaanguka magotini, akayashika mashavu ya mwanawe kwa vidole vyake vilivyojaa matundu ya sindano, akalia kwamba yeye ndiye aliyembeba, aliyemzaa, aliyekesha naye akililia babake, aliyeomba jambo moja tu, kuelezwa, kuelezwa kabla; na mtoto akamtazama taratibu, tabasamu lile lile, akamwambia kwa sauti ya muuguzi hasa:

"Jina lako halimo."

Bi Mwanabaraka akalimwagia maji kaa la chetezo. "Sina mlango wa kumtolea," akasema, akajifunga buibui, akaondoka.

Maisara yungali anashona. Kila adhuhuri mtoto husema "karibu". Tangu wiki iliyopita, wanaoitikia "ahsante" ni wawili.

Na Sheikhan? Ndiye mimi. Miaka ishirini na mitano jukwaani nimeigiza sultani, kipofu, na bibi harusi, na hakuna hata mtu mmoja aliyenisadiki. Nimeigiza mzazi mara moja tu, dakika moja, nikasadikiwa mpaka na jini.