Marehemu Alikuwa Waya

Marehemu alikutwa sakafuni, amekatwa vipande vitatu. Alikuwa waya wa mita tano.

"Nani alimwona mwisho akiwa hai?" aliuliza Inspekta Ratna Lawaju, kofia mkononi kwa heshima zote.

"Mimi, afande. Jana nilimtandaza hapa, leo aunganishe kamera yangu na flashi ya marehemu babu." Purna, mwenye studio hii ya Bhaktapur, alikaribia kulia. "Saa sita bibi yangu anapandishwa gari la janku, sherehe ya kumfanya mzee mungu. Miaka sabini na saba, miezi saba, siku saba! Hairudiwi. Nilitaka mwanga wa babu umwangukie."

"Unamshuku nani?"

"Yule jirani wa studio ya ng'ambo ya barabara. Ananionea kijicho kwa kamera mpya."

Inspekta alipiga magoti. Ncha za waya zilikuwa zimebanwa, zikapondeka, ndipo zikakatika. Kando yake palikuwa na chembe ya kahawia. Akainusa. Popoo.

"Jirani anatafuna?"

"Meno yenyewe hana, afande."

Inspekta akageuka. Bibi Gyani Maya, amependeza kwa sherehe, alikuwa kitini nyuma yake, ameukalia mkono wake mmoja.

"Shikamoo, bibi. Naomba kikatio chako cha popoo."

"Marahaba. Umenenepa. Leo nakuwa mungu, na miungu haipekuliwi."

"Sasa ni saa nne, bibi. Mpaka saa sita wewe ni raia."

Kikatio kikatoka chini ya paja. Makali yake butu yalioana na jeraha.

"Bibi! Kwa nini?" Purna alimaka.

"Nilikwambia mara tatu: flashi hiyo inang'ata."

"Nilidhani ni utani wa wazee!"

"Ilimng'ata babu yako kidole, siku mbili hakushika tonge. Kamera yake ilikuwa bati tupu, ikapona. Yako ina akili, na wenye akili hufa upesi. Mara ya nne nikaona nimwambie waya."

Inspekta aligusisha kipima umeme kwenye tundu la flashi. Volti mia mbili themanini. Kitabu cha kamera kiliruhusu ishirini na nne.

Purna akakaa sakafuni, karibu na marehemu. "Picha ya kwanza tu, ningeiua kamera kwa mkono wangu."

"Inuka," bibi aliamuru. "Lile jicho la flashi la babu yako liko wapi?"

Lilikuwa kwenye droo: kidude cha kuchomekwa kwenye flashi, kikiona mwanga wa flashi nyingine, kinaiwasha hiyo yake. Walipokijaribu mara ya kwanza kiliwahi mno, kikadanganywa na mmweko wa awali ambao kamera hutoa kujipimia mwanga. Purna akauzima. Mara ya pili kiflashi cha kamera kilipepesa, na ile ya babu ikajibu kutoka pembeni, pwaa! Hapakuwa na hata uzi kati ya flashi hizo mbili.

Purna akaweka paji la uso kwenye miguu ya bibi. "Asante, bibi yangu. Asante."

"Taratibu, usinilowanishie sari."

Inspekta aliandika: Mtuhumiwa amekiri. Sababu ya kosa: alionya mara tatu.

Lakini saa sita ilikuwa imegonga na mtuhumiwa alikuwa juu ya gari, mungu kamili. Mkono wa polisi haukufika huko. Inspekta akafunga faili, akashika kamba ya gari pamoja na wajukuu, akavuta.