Maji ya Mstari wa Kwanza

Maiti ya mwalimu Filemon ilikutwa Alhamisi asubuhi ikielea kifudifudi kwenye nduwa, bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, huko Masama. Ilikuwa Februari 1974 na mvua zilikuwa zimegoma. Migomba ilinyauka, kahawa ilijikunja majani, na majirani walitazamana kwa jicho baya. Maji ya bwawa lile hayakufika kiunoni. Mtu mzima hazami humo mpaka asaidiwe.

Inspekta Wenseslaus alipanda kutoka Moshi kwa Land Rover, pamoja na konstebo mmoja na daktari wa polisi. Daktari alipapasa kisogo cha marehemu.

"Amepigwa na kitu kizito cha mviringo. Mpini, labda. Lakini pigo halikumuua. Amekunywa maji."

"Lini?"

"Jana jioni, kabla ya giza."

Ndani ya koti la marehemu mlikuwa na daftari lililofungwa kwenye nailoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na namba sita ndani ya mabano makubwa, mistari mitatu ya namba mbili mbili, bila jina hata moja. Chini yake palikuwa na alama ya kujumlisha. Ukurasa uliofuata ulikuwa umechanwa. Wa tatu ulianza na alama ya sawasawa, kisha namba nyingine sita.

Inspekta alizitambua. Ni matriki. Binti yake Digna, wa kidato cha tatu, alizilaani kila jioni mezani.

Aliyeiona maiti ni Eunike, mjane mwenye shamba katikati ya mfongo.

"Mwalimu alikuwa mtu wa Kahe, anafundisha hesabu sekondari," alisema. "Tuko familia tatu kwenye huu mfongo na hatuaminiani. Tukamchagua yeye atugawie maji upya, maana hana shamba hapa. Jumapili baada ya ibada angetueleza."

"Nani alishaona mgawo huo?"

"Hakuna. Alisema tukiuona kabla hajaueleza tutauana."

"Wewe unapata maji kiasi gani kwa wiki?"

"Asubuhi masaa manane, jioni manane."

Inspekta alitazama ukurasa wa kwanza. Nane na nane ulikuwa mstari wa pili.

Jirani yake aitwaye Eliona alikaa juu kabisa, karibu na mdomo wa mfongo. Migomba yake ilikuwa ya kijani kana kwamba ukame haukuwa na habari naye.

"Masaa yako?"

"Asubuhi kumi na mawili, jioni tisa."

"Ni mengi."

"Mimi ndiye niko juu."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa, nafungua maji."

"Nani alikuona?"

"Nilikuwa peke yangu." Nje ya ua watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, na baadhi yao walishika mapanga. Kijiji kilikuwa kimeshamhukumu. Konstebo alichomoa pingu.

"Ngoja kwanza," alisema Inspekta.

Aliketi kwenye Land Rover akiwa na karatasi na penseli. Kama ukurasa wa kwanza ukijumlishwa na uliochanwa unazaa wa tatu, basi wa tatu ukitoa wa kwanza unaurudisha uliochanwa. Digna alikuwa akirudia kama kasuku: namba ya mahali fulani hutolewa kwa namba ya mahali hapohapo, si pengine. Tisa kutoa kumi na mbili. Saba kutoa tisa. Alipomaliza alikuwa na hii:

−3   −2
+1    0
+2   +2

Eliona alikuwa anapunguziwa. Hiyo ni sababu ya kutosha kuua, katika mwaka kama ule. Hata hivyo Inspekta hakupenda kufunga kazi bila kumwona mtu wa tatu, akateremka hadi mwisho wa mfongo, kwa mzee Ebenezeri.

Hapo moyo ulimuuma. Migomba ilikuwa imelala chini, na mfereji ulikuwa na matope yaliyopasuka. Mzee alisimama na jembe lenye mpini mpya, mweupe, usio na jasho la mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Unapata masaa mangapi?"

"Asubuhi manne, jioni matatu. Na yakifika huku ni tope."

"Labda mwalimu angekusaidia."

Mzee alitema mate. "Kutukata masaa matatu ya asubuhi na mawili ya jioni ndiyo kutusaidia? Tungebaki na lisaa limoja limoja. Wajukuu wangu wangekula nini?"

Inspekta aliitoa karatasi yake mfukoni.

"Hizo namba nimezipata mimi sasa hivi, kwa kutoa. Ukurasa wenyewe umechanwa. Wewe umezisoma wapi?"

Mzee aliutazama mpini wa jembe lake.

"Mpini wa zamani uko wapi?"

"Ulivunjika."

"Mzee Ebenezeri, hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani."

Mzee aliketi juu ya jiwe.

"Nilipanda kutazama maji," alisema. "Nikamkuta ameketi na daftari. Nikamwambia nionyeshe. Akasema nisubiri Jumapili. Nikampokonya likiwa wazi ukurasa wa pili. Mstari wa kwanza, kutoa. Kutoa tupu."

"Kwa nini ulidhani mstari wa kwanza ni wako?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake.

"Babu yangu ndiye aliyeuchimba huu mfongo. Kwenye kikao tunaitwa sisi kwanza. Pombe inaanza kwetu. Tangu nizaliwe sijaona orodha ya mfongo iliyoanza na mtu mwingine."

"Mwalimu hakusema kitu?"

"Alisema, 'Mzee, subiri nikueleze.' Nikauchana ule ukurasa, nikamtupia daftari lake. Akalifunga kwenye nailoni, akalitia kotini, akageuka. Nikampiga, akaanguka majini. Nilimsikia akihangaika. Nikaondoka. Ukurasa nikauchoma."

Inspekta alimwekea karatasi yake magotini.

"Mwalimu hakuijua desturi yenu. Aliandika kama maji yanavyoteremka. Wa kwanza ni Eliona. Wa tatu ni wewe. Soma."

Kidole cha mzee kilishuka polepole hadi mstari wa chini.

"Ongeza mbili," alisoma. "Ongeza mbili."

Akalia, bila kujificha, na konstebo akamfunga pingu akiangalia pembeni.

Eunike aliwasubiri barabarani.

"Afande, hilo daftari utatuachia? Jumapili tuna kikao."

"Ni kielelezo, mama. Linakwenda Moshi mpaka kesi iishe."

"Na mgawo?"

"Nani mwingine hapa anaweza kuusimamia?"

Eunike alifikiri, akatikisa kichwa.

"Basi ni ule wa zamani," alisema Inspekta, na alijichukia kwa kusema hivyo.

Huko juu Eliona alikuwa ameshafungua maji yake.