Chungu Kidogo cha Bibi Raheli

Kila asubuhi Eliwaza alishuka mferejini kuchota maji, akafagia kiwanja, akawafungulia mbuzi, kisha akakimbilia shule. Jioni kazi yake ilikuwa kupika. Enzi zile za Mwingereza, katika milima ya Upare juu ya mji wa Same, msichana wa miaka kumi na miwili hakungoja kuambiwa kwamba jiko ni lake. Mara nyingi alipika makande, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja mpaka yakalainika. Makande yaliliwa jioni, yakibaki yakaliwa asubuhi, na katika kijiji chao mtu aliyeyakataa alidhaniwa anaumwa.

Eliwaza alikuwa mtoto wa pekee. Baada yake, mama yake, Zipora, alizaa mara mbili. Watoto wote wawili walikuwa wanono na wazito, na wote wawili walizaliwa kimya, hawakulia hata kidogo. Walizikwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Wenzake Eliwaza walikwenda mferejini na wadogo zao mgongoni. Yeye alibeba mtungi tu. Hakuna kitu alichokitamani kama kusikia mtoto akilia nyumbani kwao.

Bibi yake, Bibi Raheli, mama wa baba yake, alijua dawa moja tu ya huzuni, nayo ni chakula. Alimletea mkwewe ndizi zilizopondwa, uji mzito wenye asali, na makande ya kujaza bakuli hadi juu. "Kula, Zipora," alisema kila siku. "Mwili uliokonda utambebaje mtoto?" Na Zipora alikula, kwa sababu alimheshimu.

Lakini alianza kusikia kiu isiyokwisha na kuchoka bila sababu. Mumewe, Fanueli, akampeleka hospitali ya misheni iliyokuwa bondeni. Tabibu Lukasi, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alipima mkojo wake, akamwambia kwamba ana ugonjwa wa sukari, na kwamba huenda ndio uliowaua watoto wake tumboni.

"Usibebe mimba sasa," alisema. "Kwanza tuishushe sukari hii. Acha asali, uji, ndizi na ugali. Mahindi uyaache pia. Kula mboga za majani, mayai, nyama mkipata, maziwa, na maharage kiasi. Urudi kila mwezi nikupime. Mkojo wako ukitulia, ndipo tutazungumza habari za mtoto."

"Mayai?" Bibi Raheli alishangaa waliporudi. "Mwanamke anayetafuta mtoto ale mayai, na wazee wameyakataza? Tena aache chakula chenyewe? Huyo tabibu ana mama kweli?"

Fanueli alicheka kidogo, lakini alisema kwamba maneno ya tabibu yatafuatwa. Bibi akanyamaza. Waliomjua walifahamu kwamba bibi huyo alinyamaza tu alipokuwa hajakubali.

Haukupita muda mrefu, pembe ikapigwa kijijini kuwaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja. Walikwenda kuzibua ndiva, lile bwawa la juu lililokusanya maji ya mifereji ya mashamba yote. Wanaume walichimba tope, wanawake wakalibeba kwa ungo. Mchana chakula kililetwa, wanawake wakakaa kulizunguka sinia moja la makande yaliyopikwa na Mama Anaeli, jirani yao.

Zipora alikuwa na njaa. Alinyoosha mkono, akaokota maharage, akayasukuma mahindi pembeni. Akaokota tena, akasukuma tena. Mama Anaeli aliacha kutafuna.

"Mama Eliwaza, unatafuta nini humo?"

"Sitafuti kitu, dada. Nakula."

"Unachambua. Nimeweka nini ndani ya chungu changu mpaka unichambulie mbele za watu?"

Katika sinia la watu wengi, anayechambua chakula anasema bila kufungua kinywa kwamba hamwamini aliyekipika. Zipora alijua hivyo. Alijua pia kwamba kama angeeleza ugonjwa wake, angelazimika kuwataja wale wawili waliolala karibu na migomba, naye hakuweza kuwataja bila kulia. Akanawa mikono, akaondoka. Eliwaza, aliyekuwa amekaa kando yake, aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Siku iliyofuata Bibi Raheli alimwita Eliwaza jikoni kwake. Alikuwa na kifuko cha unga wa ndizi mbichi zilizokaushwa juani.

"Mjukuu wangu, unataka mdogo wako au hutaki?"

"Nataka, Bibi."

"Basi mama yako anajiua kwa njaa, na sisi tunamtazama. Kila jioni ukimpikia mboga, koroga unga huu humo, iwe nzito. Akiuliza, mwambie umeponda maharage. Usimwambie mtu. Ni siri yetu."

Eliwaza alisita. Alihisi kwamba jambo hilo si zuri. Lakini aliyemtuma alikuwa bibi yake, na mtoto wa Kipare hajibizani na bibi yake. Akakichukua kifuko.

Jioni ile Zipora alionja mboga, akatabasamu. "Nzito leo! Umeweka nini?"

"Nimeponda maharage, Mama."

"Mungu akubariki, mwanangu. Unajua kunitunza."

Maneno hayo yalimchoma Eliwaza. Hata hivyo akaendelea kukoroga, jioni baada ya jioni, kwa sababu uongo wa kwanza ukishasemwa, wa pili hauombi ruhusa.

Siku ya kupimwa ilipofika, Eliwaza alimsindikiza mama yake bondeni. Zipora alitembea kwa matumaini. Alikuwa ameacha kila alichokipenda: asali, ndizi, hata makande. Tabibu Lukasi alichanganya mkojo na dawa ya buluu ndani ya kichupa cha kioo, akakishika juu ya moto mdogo. Dawa ilichemka, ikawa kijani, ikawa njano, kisha ikawa nyekundu kama tofali, alama ya sukari nyingi. Zipora alijifunika uso kwa khanga.

"Mama, umekula nini?" tabibu aliuliza.

"Ulivyoniambia, Bwana Tabibu."

"Kweli? Sikuulizi ili nikugombeze."

"Nimesema kweli. Mungu ni shahidi wangu."

Tabibu alikaa kitini, akakiweka kile kichupa mezani. "Basi, kama umefuata yote na sukari imebaki hivi, chakula pekee hakitatusaidia. Itabidi nimwambie mumeo kwamba usibebe mimba tena. Mliye naye huyu mmoja, mshukuruni Mungu."

Zipora hakulia kwa sauti. Alitikisa kichwa tu, polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Eliwaza alimtazama. Alitamani kukimbia. Alimwogopa bibi, alimwogopa tabibu, na zaidi ya wote alimwogopa mama yake. Lakini aliona kwamba akinyamaza pale, mama yake atarudi nyumbani bila tumaini, na atakayekuwa amelizika tumaini hilo ni yeye.

"Si yeye!" alisema, na sauti yake ikakatika. "Ni mimi. Mboga zile hazikuwa na maharage. Niliweka unga wa ndizi. Kila siku."

Tabibu alimgeukia. "Nani alikupa?"

Eliwaza aliinamisha kichwa. Zipora hakuhitaji jibu, maana kijijini aliyekausha ndizi kwa ustadi ule alikuwa mmoja. Alimvuta bintiye karibu naye. Akasema, "Umeniumiza, Eliwaza. Sana. Lakini afadhali umesema hapa."

Tabibu Lukasi alipumua. "Basi bado hatujajaribu," alisema. "Anza upya, Mama. Na wewe, binti, jiko ni lako. Nakutegemea."

Walipofika nyumbani Zipora alikwenda moja kwa moja kwa mkwewe, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Amesemaje?"

Zipora alimweleza yote, bila kufoka. Habari za dawa iliyogeuka nyekundu alizirudia mara mbili. Bibi Raheli alisikiliza akiwa amekishika kidevu. Kisha machozi yakamtoka, na Eliwaza hakuwa amewahi kumwona bibi yake akilia.

"Mwaka wa nzige," bibi alisema, "nilikuwa na watoto wanne. Fanueli pekee ndiye aliyebaki. Waliomba chakula, nami sikuwa nacho. Tangu hapo nikimwona mtu amesukuma bakuli, nawaona wao." Akajifuta. "Zipora, nisamehe. Nilikuwa nalisha njaa yangu mimi. Ugonjwa wako sikuuliza ukoje."

Pembe ilipolia tena kuita watu kwenye ndiva, Bibi Raheli alipanda mlima na vyungu viwili. Kikubwa kilikuwa cha makande. Kile kidogo kilikuwa cha maharage na mchicha, bila punje moja ya mahindi. Alikiweka mbele ya Zipora, akasimama katikati ya wanawake.

"Mkwe wangu ana ugonjwa wa sukari," alisema. "Mahindi yanamdhuru yeye na mtoto atakayembeba. Siku ile hakukichambua chakula cha Mama Anaeli kwa dharau. Mwenye neno na alilete kwangu, si kwake."

Mama Anaeli aliinuka, akaja kukaa karibu na Zipora, akachota kwenye chungu kidogo, akaonja. "Kimekosa chumvi," alisema, na wanawake wakacheka, na Zipora akacheka pamoja nao.

Mwezi baada ya mwezi dawa ya tabibu ilipungua wekundu, mpaka siku moja ikachemka na kubaki buluu. Tabibu akaruhusu. Zipora alipopata mimba hakulegeza masharti, na uchungu ulipokaribia alipelekwa hospitali mapema. Eliwaza na bibi yake walingoja nje, kwenye benchi. Bibi alimshika mkono.

"Mjukuu wangu, nikuambie jambo kabla hatujajua kilichotokea humo ndani. Mkubwa akikutuma kufanya wema, mtii. Akikutuma kufanya wema wa siri, muulize kwa nini wema huo ufichwe. Hata akiwa ni mimi. Siku ile ungeniuliza, ningekuwa nimebaki bila jibu."

"Ndiyo, Bibi," Eliwaza alinong'ona.

Kisha mlango ulifunguliwa kidogo. Kabla muuguzi hajatoa kichwa, sauti ndogo ilitangulia kutoka ndani, kali, ya kulalamika, isiyotaka kunyamaza. Mtoto alikuwa analia.