Tanki Lenye Mikwaruzo

Kila siku akitoka shule, Chiriku alifungua mlango, akavua viatu, akakisalimu kiti cha marehemu babu yake. Kiti hakikuitika, adabu hakikuwa nayo tangu zamani. Kisha alikula peke yake, akaosha sahani moja, akamngoja shangazi yake, mfua mashuka wa hospitali, aliyerudi jioni akiwa amechoka hata kuongea. Jina la Chiriku, ndege asiyenyamaza, alipewa na babu kwa sababu ya domo lake. Siku hizi lilimpwaya kama sare ya kuazima.

Babu alikuwa mpiga picha. Aliacha kamera, na ndani yake filamu moja ya nyeusi na nyeupe ambayo haijasafishwa. Hakuna aliyejua ina nini. Chiriku alitaka kuisafisha mwenyewe, nyumbani palepale. Lakini ikiharibika, haina pacha.

Jumamosi alikwenda kwa fundi, rafiki wa babu, ambaye sasa alipiga picha za vitambulisho tu. Fundi alimfungulia sanduku la vifaa vya zamani, akamwambia achague. Chiriku alichagua kwa macho: mtungi wa kioo, taa nyekundu, koleo linalong'aa. Tanki la plastiki lenye mikwaruzo alilisukuma kando kwa kidole kimoja, kama anamfukuza mende.

Fundi aliuliza mtungi ni wa nini. Akajibu kwamba anataka kuona picha zikitokea.

"Utaona kama kipofu aonavyo upinde wa mvua," fundi alisema. "Mwanga wowote utaiunguza filamu, hata wa taa hiyo. Taa na koleo ni vya kuchapia picha kwenye karatasi, safari ya siku nyingine."

Akampa lile tanki, ambalo kifuniko chake hakipitishi mwanga, gurudumu la kuviringishia filamu, mfuko mweusi wa kuingizia mikono, kipimajoto na kikombe cha vipimo. Akamwagiza avioshe siku hiyohiyo, avikaushe kabisa. Kesho yake angekuja na dawa ya kusafishia filamu.

Chiriku aliviosha Jumapili asubuhi, dakika chache kabla ya hodi. Fundi alipouliza kama gurudumu limekauka, alijibu limekauka.

Fundi alitoa filamu mbovu, akamtaka ajizoeze nayo kwanza. Ndani ya mfuko mweusi, alipoiviringisha kwenye gurudumu, filamu ilinata katikati ya njia, ikajikunja, ikachanika. Chiriku alichomoa mikono. Alikitazama kiti cha babu.

"Fundi, nimekudanganya," alisema. "Lina maji bado."

Fundi hakumkaripia. Walilianika gurudumu dirishani, wakakaa kulingoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu kukaa na Chiriku bila haraka, na domo likaanza kurudi taratibu.

Mchana filamu ya babu iliteleza bila kukwama. Baada ya dawa na maji, waliitundika kwenye kamba. Rangi zilikuwa kinyume: sare nyeusi ilionekana nyeupe. Picha baada ya picha, msichana mwenye mkoba alikuwa akienda shule, mgongo kwa kamera. Babu alikuwa akimpiga picha kila asubuhi kutoka mlangoni.

"Sikugeuka hata siku moja," Chiriku alisema.

"Alijua unawahi kengele," fundi alijibu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Chombo kinachong'aa hufurahisha macho, lakini kazi hutaka kinachofaa, na mkono wenye subira. Tena hutaka kinywa cha kweli. Ungenyamaza leo, picha hizi tusingeziona."

Jumatatu, kabla ya kukata kona, Chiriku aligeuka, akaupungia mlango mkono. Mlango, kama ndugu yake kiti, haukuitika. Akapunga tena, kisha akakimbilia kengele.