Njia ya Bahari Iligunduliwa na Nani?

Nyanchera alikuwa mkulima huko Nyansiongo. Asubuhi alikama ng'ombe, akapalilia mahindi. Alasiri alikwenda kwenye darasa la ngumbaru, ambako watu wazima walijifunza kusoma. Mwaka huo wa 1973 alikuwa ameanza kusoma vitabu peke yake.

Siku moja alirudi nyumbani, akaketi na kitabu. Mumewe, Onchiri, alimwona akirudia ukurasa mmoja tu.

"Una nini, Mama Jemimah?"

"Sitarudi darasani. Kesho ni zamu yangu kusoma na kueleza. Maneno nayasoma, lakini hayaniingii."

"Hebu soma nisikie."

Akasoma pole pole. "Vasco da Gama, Mreno, aligundua njia ya bahari ya kwenda Bara Hindi. Alipofika Malindi alipewa rubani aliyeijua njia, naye akamfikisha huko."

Onchiri alikuna kichwa. "Kama rubani aliijua njia, huyo mwingine aligundua nini?"

"Hapo ndipo ninapopotea. Labda kuna herufi ninayoikosea."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa jirani yao, Angwenyi, mwalimu wa historia katika sekondari. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa akirekebisha ua. Alipokea kitabu, akausoma ukurasa wote.

"Hujakosea herufi hata moja," alisema. "Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Aliyeandika ni kana kwamba alisimama ndani ya meli ya Mreno. Kutoka humo, kila pwani ni mpya. Sasa wewe simama Malindi. Unaona nini?"

Nyanchera alifikiri. "Naona mgeni anakuja."

"Ndiyo. Na si mgeni wa kwanza. Waarabu na Wahindi walikuwa wakija kununua pembe za ndovu tangu zamani. Wachina pia walifika. Malindi iliwahi kuwapelekea twiga."

"Twiga ndani ya meli?"

"Ndani ya meli."

Nyanchera alizidi kuchanganyikiwa. "Basi Mreno hakufanya kitu?"

"Alifanya. Alitoka Ulaya, akaizunguka Afrika mpaka Bara Hindi. Ni safari kubwa, usiifute. Lakini bahari ilikuwa na wenyewe. Baadaye Wareno walirudi na mizinga, wakaipora Mombasa. Hayo pia yaandikwe."

Nyanchera alitazama mashamba. "Baba mkwe husema ng'ombe wake walilishwa hapa. Kisha mzungu akaja, akaandika kwamba hapa hapana mtu."

"Basi umeelewa kunishinda mimi nilipokuwa shuleni," alisema Angwenyi.

Alasiri Nyanchera alisoma mbele ya wenzake. Kisha akaeleza yote. Mzee Mogire, aliyeketi mbele, hakuridhika.

"Kitabu kinaweza kukosea?"

Mwalimu wao, Esnah, aliutazama ukurasa. Alikuwa amefundisha ukurasa ule mara nyingi. "Huenda kinakosea," alisema. "Basi tangu leo, kila tukisoma kwamba mtu amegundua mahali, tuulize ni nani aliyekuwako tayari. Nyanchera, njoo uandike ulivyoelewa."

Nyanchera alikuwa hajawahi kuandika sentensi yake mwenyewe ubaoni. Alichukua chaki, akaandika neno moja: Rubani. Akamgeukia Esnah.

"Aliitwa nani?"

"Kitabu hakisemi," alisema Esnah.

Nyanchera aliacha nafasi ya kutosha jina la mtu, kisha akaendelea: alimwonyesha Mreno njia ya Bara Hindi.