Shosho Wangu Yupo

Kila mwisho wa mwezi mimi humsindikiza Shosho, bibi yangu, kliniki, hapa kwetu Kangemi, kuchukua insulini. Yeye hubeba kadi, mimi mfuko, na njiani husimama kusalimia kila muuza mboga. Tunaitwa jina moja, Nyawira, kwa maana nilipewa jina lake.

Siku hiyo Hannah wa mapokezi aliandika jina la Shosho kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Mgonjwa huyu hayupo," alisoma.

"Hayupo vipi na mimi niko hapa?" Shosho aliuliza.

"Kompyuta haidanganyi. Hii kadi umeitoa wapi? Siku hizi watu wanatumia kadi za wenyewe."

Ala! Damu ilinichemka. Shosho wangu, asiyechuma hata ndimu ya jirani bila kuomba, anaitwa mwizi mbele ya foleni! Na dawa ilikuwa imeisha jana. Koo lilimkauka kwa kiu, miguu haikuwa na nguvu.

"Twende nyumbani, mama," Shosho alininong'oneza kwa aibu.

"Hatuendi!" Nikamgeukia Hannah. "Dada, mwezi uliopita ulikuwa na bendeji mkononi, ukatuambia umetibiwa hapa hapa. Haya, tafuta jina lako!"

Hannah alibonyeza vitufe kwa hasira. Mashine ikakwaruza, kisha ikaandika maneno yaleyale: Mgonjwa huyu hayupo.

"Kumbe hata wewe umeokota kadi!" mama mmoja akasema. Foleni nzima ikacheka.

Daktari Wavinya alitoka aliposikia kelele. Alimpima Shosho sukari, akasoma kiasi cha dawa kilichoandikwa kwenye kichupa chake kitupu, akampa dawa. Ndipo akamwita fundi.

Fundi alisema diski inayohifadhi majina imeharibika. Programu ikishindwa kuyasoma, huandika "hayupo" badala ya kukiri kwamba imeshindwa. Alitia diski mpya, akayarudisha majina kutoka kwenye nakala ya akiba. Shosho alikuwa wa kwanza kutafutwa, na akapatikana.

"Nisamehe, Shosho," Hannah alisema akiangalia chini. Mimi bado nilikuwa nimenuna.

"Nyawira, ulikasirika kwa haki," Daktari alisema, "lakini kilichosaidia ni kwamba uliijaribu mashine. Nawe Hannah, kukosa jina la mtu si ushahidi kwamba ni mwongo. Chunguza kwanza, ndipo useme. Na kabla ya kuiamini kompyuta, mtazame aliyesimama mbele yako."

"Kusimama kwenyewe nimechoka," Shosho alisema. "Tangu asubuhi hakuna aliyeniona hata anipe kiti."

Hannah alikimbia kuleta chake.