Kipa wa Matikiti

Kila Ijumaa baada ya masomo, Darasa la Sita lilicheza mpira na Darasa la Saba, na walioshindwa waliosha vyoo vya shule wiki nzima. Darasa la Sita walikuwa wameviosha mpaka wakavizoea kama vyumba vyao.

Safari hii Kiranja wao aliapa kwamba hawatashindwa. Alipanga timu kwa macho, haraka haraka, kama msichana aliyetumwa nyanya sokoni.

"Twiga, wewe mrefu, kaa golini. Bonge, utatulindia nguo."

"Lakini mimi naogopa mpira," Twiga alisema.

"Mtu mrefu hivyo? Acha utani!"

"Mimi najua kudaka," Bonge alisema.

"Dada yangu, wewe utadaka usingizi!"

Wote wakaangua kicheko. Bonge akakaa na nguo zao, machozi yakimlengalenga.

Shuti la kwanza lilipokuja, Twiga aliinama kwa adabu, akaupisha mpira kama anayempisha mkwe mlangoni. La pili alijificha nyuma ya nguzo. La tatu alifumba macho kabisa. Kufikia mapumziko walikuwa wamefungwa tatu bila, na Kiranja alishaanza kunusa vyoo.

Mwalimu wa michezo akamwita. "Hakuna mwingine aliyetaka kudaka?"

"Yupo Bonge, mwalimu. Lakini si unamwona alivyo?"

"Namwona. Wewe ulimuuliza anajua nini?"

Hakuwa amemuuliza. Alimfuata Bonge, uso umemshuka. "Samahani, dada. Kudaka ulijifunzia wapi?"

"Mama anauza matikiti. Lori likifika, utingo anayarusha, mimi nayadaka. Likipasuka moja, siku hiyo nyumbani hapakaliki."

Kipindi cha pili Bonge alidaka kila kilichoruka. Kila mpira aliukumbatia, kisha akauweka chini taratibu, usije ukapasuka. Twiga, sasa akiwa nje ya uwanja, alishangilia hadi sauti ikamkauka. Wenzao wakapata moyo, wakarudisha mabao yote matatu. Sare! Ikabidi madarasa yote mawili yaoshe vyoo pamoja.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," mwalimu aliwaambia. "Macho yanakuonyesha urefu na unene tu. Anachokiweza mtu utakijua ukimuuliza na kumpa nafasi."

Jumatatu, Kiranja alianza kugawa kazi vyooni. Alitaka kumpa Twiga kufuta utando wa buibui darini, akajizuia.

"Twiga, wewe ungependa kazi gani?"

"Kwenda nyumbani."

Kiranja alimshukuru kwa kusema ukweli, akampa ndoo.